KUTOKA KATIKA KADARI KWENDA KATIKA KADARI
Neno la Ijumaa kwa aliyejenga kwenye njia ya maji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, anayeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo akijuacho Yeye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Leo hatutazungumza habari za talaka wala za mirathi, ingawa tumeulizwa. Tutazungumza habari ya maji, kwa sababu mvua ikianza hakuna anayekuwa na muda wa kusoma, na ikiisha kila mtu anasahau. Sisi watu wa Bendera tunaishi chini ya milima. Maji ya Kyimbi tunayaona yanavyoanguka, na tunajua nguvu yake, maana ndiyo yanayozungusha mashine za umeme tangu mwaka 1959 na kupeleka taa Kalemie. Yawezayo kuzungusha vyuma vile, ndugu yangu, hayatashindwa na ukuta wako wa matofali ya udongo.

Kumbuka jirani zetu wa Fizi. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa ilipiga juu ya milima, na mto Kasaba ukatoka katika mkondo wake watu wakiwa bado wamelala. Haukuleta maji peke yake. Ulileta mawe makubwa, miti na matope, ukapita katikati ya kijiji. Viongozi wa Fizi walitangaza kwamba waliokufa ni zaidi ya watu 100, wengi wakiwa watoto na wazee. Kijiji kile hufikiwa kwa ziwa tu, na simu hazikushika huko, kwa hiyo hata kilio kilichelewa kusikika. Ijumaa ile sisi tulikuwa tunatia udhu kwa maji ya baraka, na wenzetu walikuwa wanachimbua maiti katika matope.

Miaka miwili kabla yake, Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa ni Kalehe, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa. Na Uvira, mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulibomoa maelfu ya nyumba.

Kabla ya kwenda mbele nataka kufunga mlango mmoja. Wapo watu, na wengine wamevaa kanzu, wanaosema waliokufa Kasaba na Kalehe waliadhibiwa kwa dhambi zao. Ewe ndugu, nani amekupa daftari la Mola wako ukalisoma? Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewahesabu mashahidi, na miongoni mwao akamtaja aliyekufa kwa kuzama na aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo. Sasa wewe unamwita muovu mtu ambaye Mtume wa Allah amemtaja pamoja na mashahidi? Basi, tunyamaze juu ya dhambi za wafu, tuongee habari za walio hai, maana hao ndio bado wana miguu ya kuhamia.

Mtu akiambiwa, "Toka hapo bondeni, nyumba yako iko kwenye njia ya maji," jibu la kwanza tunalolisikia ni hili: "Sheikh, kadari haikimbiwi. Kama siku yangu imefika, hata juu ya mlima nitakufa." Maneno haya yana sura ya imani, na ndiyo maana yanawapoteza watu wema. Lakini swali hili liliulizwa zamani, na mtu mkubwa kuliko sisi, na likajibiwa.

Mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alisafiri kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake wakatoka kumlaki, akiwamo Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.), wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawauliza. Wakahitilafiana, wengine wakisema umetoka kwa jambo usilirudie nyuma, wengine wakisema unao watu na masahaba wa Mtume, usiwaingize katika maradhi. Akawaambia watoke. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, na hao hawakuhitilafiana hata wawili: walisema turudi. Asubuhi Umar akatangaza safari ya kurudi.

Hapo ndipo Abu Ubayda akauliza, je, unaikimbia kadari ya Allah? Umar akasikitika kwamba neno hilo limetoka kwa mtu kama yeye. Akamjibu kwamba naam, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisha akampigia mfano wa mchungaji: kama una ngamia umeshuka nao kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu, ukiwalisha penye majani umewalisha kwa kadari ya Allah, na ukiwalisha pakavu umewalisha kwa kadari ya Allah. Baadaye akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.), ambaye hakuwapo, akasema analo neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe: mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikitokea mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu akaondoka zake.

Tazameni vizuri. Abu Ubayda hakuwa mjinga wala mnafiki. Ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hata mtu wa daraja ile aliweza kuuliza swali hili, basi tusimcheke mzee wa bondeni anayeliuliza leo. Tumjibu kama Umar alivyojibu. Kubaki ni kadari, na kuhama ni kadari. Aliyekupa bonde ndiye aliyekupa kilima, na ndiye aliyekupa macho ya kuona alama ya maji ya mwaka jana ukutani kwako. Na katika Suratul Baqara, aya ya 195, ametukataza tusijitie kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizi. Hakusema isipokuwa kama parseli umeilipia.

Jibu la pili tunalolisikia ni la huzuni zaidi, nalo halina uongo ndani yake. Mtu anasema: "Hapa nilizaliwa. Hapa amelala baba yangu." Na watu wa ziwani Kalemie wanasema hivyo hivyo. Uislamu haumwambii mtu asipende kwao. Mtume wetu (S.A.W.) alipotolewa Makka aligeuka akaiambia kwamba yeye anaipenda, na kwamba lau watu wake wasingemtoa asingetoka. Lakini alitoka. Na masahaba walikwenda Uhabeshi kwa majahazi wakaacha nyumba zao. Katika Suratun Nisaa, aya ya 97, wapo waliokaa mahali pa dhiki mpaka wakafa humo, na Malaika wakawauliza, kwani ardhi ya Allah haikuwa pana? Aya hiyo ilishuka kwa jambo la dini, sio la mafuriko, nami sitaki kuivuta zaidi ya pale inapofika. Na aya inayofuata inawatoa wanyonge, wanaume, wanawake na watoto wasio na njia. Mkumbuke hao wasio na njia, tutawarudia.

Ama kuhusu makaburi. Imam Malik amepokea katika Muwatta habari ya Amru bin Jamuh na Abdullah bin Amru (R.A.), Ansari wawili waliouawa Uhud wakazikwa kaburi moja. Kaburi lao lilikuwa karibu na njia ya mafuriko, na maji yakalichimba. Basi wakafukuliwa ili wahamishiwe mahali pengine, wakakutwa hawakubadilika kana kwamba wamekufa jana, na kati ya Uhud na siku ile ilikuwa imepita miaka 46. Ndugu yangu, mashahidi wa Uhud wamehamishwa kwa sababu ya maji! Wewe uliye hai, mwenye watoto 6, unasema huwezi kuliacha kaburi? Baba yako anaombewa dua popote ulipo. Dua haihitaji ukae bondeni.

Na Makka yenyewe ni bonde. Zama za Umar, mwaka wa 17, lilikuja gharika kubwa likaingia Msikiti Mtukufu likakisogeza kisimamo cha Ibrahim kutoka mahali pake. Wakaliita gharika la Ummu Nahshal, kwa jina la mwanamke aliyechukuliwa nalo akafa. Umar alikuja mwenyewe kutoka Madina. Aliamrisha kujengwa boma la kuzuia maji upande wa juu, na mwaka huo huo akanunua nyumba zilizobana msikiti ili aupanue. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilibomolewa, lakini thamani yake aliiweka katika hazina mpaka wenyewe waje waichukue. Somo hili ni kwa wale wanaopenda kubomoa tu. Umar alibomoa, ni kweli, na fedha ikawa mahali inapojulikana, kwa jina la mwenye nyumba.

Na bonde halizeeki. Tarehe 25 Novemba 2009, siku ambayo mahujaji walikuwa wanaelekea Mina, mvua ya saa chache ilijaza mabonde ya Jeddah yaliyokuwa yamejengwa nyumba, na zaidi ya watu 100 wakafa katika mji wenye mafuta na tingatinga za kila namna. Maji yalirudi kwenye njia yao ya zamani.

Ziwa letu nalo ni hivyo hivyo. Tanganyika inapokea mito mingi, lakini ina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, pale pale Kalemie. Maji mengine yote huondoka kwa kukaushwa na jua. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hujaa na hushuka polepole sana. Wazee wanakumbuka lilivyopanda miaka ya 1962 hadi 1964. Kisha likashuka, watu wakasahau, wakajenga pale lilipokuwa limelala. Kuanzia 2020 likaanza kupanda tena, na mwaka 2024 likafika kiwango ambacho hakijaonekana tangu miaka ile ya 1960: Kalemie, Uvira, Bujumbura, Kigoma, kote maji yaliingia majumbani. Wapo wanaosema dawa ni kuchimba mdomo wa Lukuga. Na ichimbwe, kama wenye ujuzi wakikubaliana. Ila usilalie kitanda chako ndani ya maji ukisubiri mashine ya kuchimba.

Sasa nakuja kwenye jibu la tatu, nalo ndilo jibu la kweli: "Sheikh, nitakwenda wapi, na nitakula nini?" Mvuvi wa ndagala haishi kando ya ziwa kwa ukaidi. Mtumbwi wake uko pale, nyavu ziko pale, na mke wake anaanika samaki kwenye mchanga ule. Mwenye shamba la mihogo mteremkoni hakuupenda mteremko, ndipo alipopewa. Ukimhamisha kilomita 20 ukampa mabati 12, umemwokoa na maji ukamwua kwa njaa.

Tuangalie yaliyowapata wenzetu wa Uganda. Tarehe 1 Machi 2010, katika wilaya ya Bududa, mlima Elgon uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi pamoja na kituo cha afya. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Serikali ikahamisha familia mia kadhaa kuwapeleka Kiryandongo, mbali sana, upande mwingine wa nchi. Watu wa migomba na kahawa ya mlimani wakajikuta tambarare kwenye jua, mbali na ndugu na makaburi. Wengi wakarudi mlimani. Je, walikuwa wajinga? Hapana. Hawakuulizwa vya kutosha wataishije huko. Mwaka 2018 mlima ukaua tena Bududa, na kuanzia 2019 serikali ikajaribu njia nyingine: ikawajengea nyumba Bunambutye, Bulambuli, chini ya mlima ule ule, karibu na watu wao. Na Tanzania, matope ya mlima Hanang yalipoua watu 89 huko Katesh mwezi wa 12 mwaka 2023, zilijengwa nyumba 109 kijiji cha Waret, wilaya ile ile. Sisemi huko hakuna malalamiko. Nasema kuhama kwa karibu, ambapo mtu bado anaweza kufika kwenye shamba lake, watu hukuvumilia. Kumbuka tena Umar kule Sargh: aliuliza makundi matatu kabla ya kufungua mdomo. Anayewahamisha watu bila kuwauliza asilalamike wakirudi.

Na Goma? Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, watu wakajenga juu ya mawe yale yale yaliyokuwa bado ya moto. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena. Siku tano baadaye wakaamriwa kuhama kata 10 za mji, mamia ya maelfu wakatoka kwa miguu kwenda Sake na Rutshuru na ng'ambo Rwanda, na baada ya majuma machache wengi walikuwa wamerudi. Mji mzima hauhamishwi kama kikapu. Lakini nyumba 30 zilizo kwenye njia ya kijito zinaweza kuhamishwa, na Bendera tunazungumza habari ya nyumba kama hizo.

Hapa nawageukia wenye ardhi na machifu wetu, kwa heshima yao. Jirani akishuka kutoka mteremko mbaya kuomba mahali, usimpandishie bei ya parseli kwa sababu umeona hana pa kukimbilia. Na usimpe leo kwa mdomo, kesho ukamwuzia mwingine. Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba atakayedhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Mpe karatasi, yenye mashahidi wawili na mipaka iliyopimwa, na jina la mama liandikwe humo pamoja na la baba, maana wajane ndio wa kwanza kufukuzwa.

Na wewe uliyehama, tafadhali, ile parseli ya bondeni usiiuze. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mtu anaokoka, anahamia juu, kisha mwezi wa 7, udongo ukiwa mkavu na majani yamefunika alama ya maji, anamwuzia mgeni aliyekimbia vita ambaye hajaona mvua ya huku. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini limelowa. Akamwuliza mwenye nalo kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, akasema mwenye kughushi si katika sisi. Parseli ya bondeni iliyouzwa wakati wa kiangazi ni nafaka iliyolowa chini. Ipande ndizi, ipande miwa, kodisha kwa bustani ya mboga. Isilale mtu.

Mambo machache ya kutazama, kwa wale watakaobaki mpaka njia ipatikane. Ukiona ufa mpya ardhini juu ya nyumba yako, au miti na nguzo zimeanza kuinama, au chemchemi iliyokuwa safi imegeuka matope, mteremko unasogea. Kijito kikipungua ghafla huku mvua inanyesha, usifurahi. Huenda kimezibwa juu, na kitakapozibuka kitakuja na kila kitu. Toka usiku ule ule, na watoto, bila magodoro. Mbuzi watapatikana. Na wewe mchoma makala, kila mti unaouangusha juu ya mteremko ulikuwa umeshika udongo ulio juu ya kichwa cha mtu. Najua makala ndiyo ada ya shule. Kata tambarare, acha mteremko.

Na wale wanyonge wasio na njia, ambao aya imewatoa katika lawama: mama mzee anayelala peke yake, kipofu, mwenye mguu mmoja. Hawa hawawezi kuhama kwa hotuba. Wao hawana lawama, na lawama yao imekuja juu yetu sisi wenye migongo. Kuna watu katika msikiti huu wanaojenga chumba cha tatu, na kuna matofali yamekaa uani tangu kiangazi kilichopita yakiota majani.

Baada ya swala leo tunaomba wanaume wasitawanyike. Tutakaa chini ya mwembe, pamoja na shefu wa mtaa na wazee wa makanisa tuliowaalika, maana maji hayaulizi mtu anaswali wapi. Tutaandika majina ya nyumba zilizo kwenye njia ya kijito, tukianza na za wajane. Mwenye mahali pa juu anapoweza kutoa kwa kuuza, kukodisha au sadaka, aseme bei yake mbele ya watu. Mwenye matofali aseme mangapi. Mafundi wawili wameahidi kazi ya siku za Jumapili bila malipo, wanachotaka ni bugali na sombe, na akina mama wamekwisha kukubali. Vijana watapanda kesho baada ya alfajiri kuangalia nyufa upande wa juu. Waje na mapanga na viatu vya kufaa, kwa sababu majani ni marefu.